Nilichokiona Nikanyamaza

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Bati la kibanda changu linavuja palepale nilipoziba mwaka jana, kwa hiyo nimeshinda na ndoo miguuni. Fundi Soli, jirani yangu anayeshona viatu, kachungulia akaniambia, "Mafriji ya watu unayaweza, paa lako linakuchezea." Wateja hakuna. Umeme unakuja na kuondoka, nani ataleta friji kutengeneza? Ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule sikufika mbali, lakini kuandika naweza.

Nyumbani tuko wanne: mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa, na mtoto wake wa kike wa miezi miwili. Mkwe wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, akiondoka ameondoka, kwa hiyo binti alikuja kujifungulia kwetu na bado yupo. Mke wangu anamwita mtoto mke mwenza. Mimi namwita mchumba. Asubuhi nikitoka namuaga yeye kwanza, mke wangu ananuna kwa makusudi, tunacheka.

Jumamosi, 16 Machi

Nilikuwa barazani nafungua mota ya feni, binti akapiga ukelele chumbani. Niliingia na bisibisi mkononi. Amemshika mtoto kwapani, kichwa kinaanguka huku na huku kama cha mdoli wa matambara. Anasema midomo ilikuwa ya buluu. Nasema "anasema" kwa sababu mimi nilipofika mtoto alikuwa anapumua na rangi yake ni ileile.

Tulikimbia hivyohivyo kwenye mvua mpaka hospitali ya pale sokoni. Tulipofika, mgonjwa wetu anaitazama taa ya dari na kurusha miguu. Daktari ni kijana. Kamsikiliza kifua, kamgeuza, kamuuliza binti, "Alikuwa ametoka kunyonya?"

"Ndiyo."

"Basi maziwa yamempanda. Ukimaliza kumnyonyesha mcheulishe vizuri, mama. Mtoto mzima huyu."

Hakuna kipimo, hakuna dawa. Njiani nikamwambia binti, "Mama, siku nyingine mpige mgongo yeye kwanza, kabla hujatupiga sisi ukelele." Mke wangu akacheka. Binti hakucheka.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Nimelala mchana kutwa.

Alhamisi, 21 Machi

Kasema imetokea tena. Mke wangu alikuwa bombani, mimi kibandani. Nimeitwa, nimefika nimelowa mpaka ndani, mtoto ananitazama kama ananiuliza nimefuata nini.

Binti anataka turudi hospitali. Nimekataa. Mimi nina sheria yangu ya kazi na wateja wote wanaijua: friji ikifika kibandani ikagandisha, unaondoka nayo. Ubovu usioonekana mbele yangu siutafuti. Ukianza kufungua kitu kinachofanya kazi, utakiharibu wewe. Nikamwambia hivyohivyo.

Akasema, "Baba, mwanangu si friji."

"Ndiyo maana nilimwachia daktari, na daktari kasema mzima."

Nikaona nimeshinda.

Jumatatu, 25 Machi

Leo mwanamke anayetuuzia mkaa kamjaza binti maneno. Kasema mtoto wa mdogo wake alifanya vilevile, akazima akarudi. Hospitali waliyompeleka walimlaza wiki nzima. Damu wakatoa, mkojo wakapima, maji ya mgongo wakavuta, kifua kikajaa nyaya. Hawakuona kitu. Na mwingine anayemfahamu alipelekwa kwingine kabisa, huko nesi alikaa na mama akamfundisha kumpulizia mtoto pumzi, akampa namba ya simu, akamwambia nenda nyumbani.

Binti kaniambia, "Unaona, baba? Wenzetu wanashughulikiwa."

Nikamjibu, "Naona. Hospitali tatu, majibu matatu. Wenyewe hawaelewani. Kingekuwa kitu, wangekubaliana."

Mkwe alipiga simu baadaye. Aliuliza kama akatishe safari aje. Nilichukua simu mwenyewe nikamwambia, "Mwanangu, endelea na kazi. Mke wako huyu ndiyo mtoto wake wa kwanza, woga mwingi. Anakuza mambo." Akashukuru. "Asante, baba," kasema, "umenitoa wasiwasi." Binti alikuwa mlangoni anasikia.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili. Fundi Soli kaniuliza, "Mchumba hajakuzimikia tena?" Nikacheka naye. Mimi ndiye niliyempa hadithi hiyo ili aicheke.

Jumanne, 2 Aprili

Leo nataka kuandika kama ilivyokuwa.

Jua lilitoka mchana, la kwanza baada ya siku nyingi. Mke wangu alikuwa kwenye kikao cha akina mama. Binti alikuwa na nguo za mtoto zilizolala ndani zinanuka uvundo, akasema, "Baba nishikie, nizikimbize nje kabla mvua haijarudi." Nikaketi kwenye kochi, nikamlaza mtoto juu ya mapaja, kichwa magotini, tunatazamana. Nilikuwa namtania. Namwambia mahari yake nimeshaanza kuweka, asiwe na haraka.

Alikuwa ananitazama, kisha akawa hanitazami. Macho yalikwenda upande wa dirisha yakabaki huko. Nikatikisa kidole mbele yake, hayakurudi. Mkono wa kulia ukajikunja ngumi. Pembe ya mdomo, upande huohuo wa kulia, ikaanza kuvutwa, inavutwa na kuachiwa, kama mtu anayetafuna kitu kidogo sana. Hakulia. Hakukohoa. Maziwa hayakutoka, na alikuwa hajanyonya muda mrefu. Halafu kila kitu kikatulia na hapo ndipo nilipoona kifua hakipandi. Rangi ikaanza kutoka kuzunguka mdomo. Kwanza majivu, kisha buluu kweli, buluu ya wino. Akawa mzito. Mimi nabeba vitu vizito kila siku na sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Nilimsugua mgongo. Nilimpulizia usoni. Binti yangu alikuwa nyuma ya ukuta, namsikia anakung'uta nguo. Nilifungua mdomo nimwite, nikaufunga.

Siwezi kusema sauti ilikataa. Sauti ilikuwepo. Nilifikiria kitu kimoja: akiingia sasa hivi, ataona nami nimeona. Mtoto wa watu hapumui mapajani mwangu na mimi nafikiria maneno niliyomwambia mkwe, na kicheko cha Fundi Soli.

Akavuta pumzi. Akalegea, akalala.

Binti aliingia na beseni tupu. "Amelala?"

"Amelala."

"Hakukusumbua?"

"Hata kidogo."

Akamchukua taratibu asimwamshe. Akaniambia, "Una mkono mzuri, baba. Kwangu halali hivi."

Jumatano, 3 Aprili

Sijasema.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimejiambia labda ni usingizi tu, watoto wachanga wana usingizi wa ajabu. Nimetengeneza pasi ya jirani bure.

Jumamosi, 6 Aprili

Jana ilitokea tena na binti akiwa peke yake. Safari hii mke wangu hakuniuliza. Asubuhi alivaa viatu akaniambia, "Sisi tunakwenda hospitali kubwa. Unakuja au unabaki na ndoo yako?"

Nikaenda.

Tulipokewa na daktari mwanamke, mtu mzima, anaongea polepole. Alitaka kila kitu tangu mwanzo. "Inapoanza inaanzaje, mama?"

Binti akasema, "Sijui, daktari. Kila mara nageuka nakuta keshakuwa wa buluu na amelegea. Mwanzo sijawahi kuuona."

"Macho yanakwendaje? Mikono?"

"Sijui."

"Ni nani mwingine ameshamwona akiwa hivyo?"

"Mimi tu."

Daktari akamtazama mke wangu. Mke wangu akatikisa kichwa. Akanitazama mimi. Nikasema, "Mimi huwa kazini."

Wala si uongo. Huwa niko kazini. Nilitoka mle ndani najiona nimejibu kwa akili, nikafika kwenye maji ya kunawa mikono nikashindwa kujitazama kwenye kioo.

Wamemlaza.

Jumanne, 9 Aprili

Mambo ya wodini ni haya. Yule daktari mwanamke anataka mtoto akae, apimwe kila kitu. Daktari wa zamu ya asubuhi anasoma faili na kukunja uso, anasema mtoto kama huyu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, kumchomachoma hakusaidii. Mama wa kitanda cha pili ana mtoto wa kiume aliyefanya kama wetu. Huyo aliingia siku ya daktari wa asubuhi, kwa hiyo leo anafunga mizigo. Binti akamuuliza nesi, "Kwa nini yeye anakwenda na mimi nabaki?"

Nesi kasema, "Hapa inategemea umeingia zamu ya nani, dada yangu." Akaona amesema sana, akaenda kukunja mashuka.

Nyaya zimekaa kifuani tangu Jumamosi na hazijakamata kitu. Mtoto anacheka, ananenepa. Kila siku inayopita bila kitu, naona wanavyomtazama binti yangu. Mtoto anazima kwa mama peke yake. Kwa mwingine hazimi. Hawajasema neno, lakini nesi akiingia sasa anaacha mlango wazi.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo niliitwa kuongea na ofisa wa ustawi wa jamii. Mwanaume mpole, sauti ya chini, kanikaribisha kiti. Aliniuliza binti yangu ni mtu wa namna gani. Nikasema mzuri. Akauliza utotoni alikuwaje. Ndipo nikafungua mdomo huu.

Nikamwambia, "Huyo alikuwa na homa za Jumatatu. Siku ya mtihani, tumbo. Ukimwambia haya kaa nyumbani, saa hiyohiyo yuko nje anaruka kamba." Nikacheka. Yeye hakucheka, aliandika.

"Na sasa, mzee? Na mtoto huyu?"

Pale ndipo pangekuwa mahali pake. Chumba kidogo, watu wawili, mlango umefungwa. Nikasema, "Ana woga. Anakuza mambo."

Mtu akisema uongo mara moja, anakuwa mlinzi wake. Anakesha nao usitoke.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamesema binti asikae peke yake na mtoto mpaka watakapomaliza uchunguzi. Anaingia kunyonyesha, nesi anakaa kando, akimaliza anatoka. Muda mwingine yuko kwenye benchi la korido. Maziwa yamemlowesha gauni.

Kaniuliza, "Baba, uliwaambia nini jana?"

"Niliwaambia ukweli."

Jumamosi, 13 Aprili

Alfajiri mtoto alizima wodini. Nesi alikuwa mmoja, yuko na mtoto mwingine aliyebanwa kifua. Mashine ililia, lakini mashine zile zinalia kila saa, waya ukichomoka tu zinalia. Walipomfikia hakuna ajuaye alikuwa ameanza lini. Safari hii hakurudi mwenyewe. Walimpa hewa kwa mpira, wakampa tena. Mama yake alikuwa nje ya mlango, hatua chache, amekatazwa kuingia. Kwa sababu yangu.

Nilifika na mke wangu saa ya kuona wagonjwa. Mtoto yuko hai, amelala, ana mrija puani. Madaktari wawili walikuwa mlangoni wanabishana kwa sauti ndogo. Mmoja anasema amepaliwa, alikuwa ametoka kunyonyeshwa. Mwingine, yule mwanamke, anasema, "Ningepata mtu mmoja tu aliyeona mwanzo wake."

Nikasema, "Mimi."

Walidhani nimekuja kuuliza kitu. Nikarudia. "Mimi nimeona. Tarehe mbili mwezi huu, nyumbani, mapajani mwangu."

Alinipeleka pembeni akaniambia nieleze. Nikaeleza. Macho, dirisha, ngumi ya kulia, pembe ya mdomo, kutafuna, kisha kimya, kisha rangi. Hakuniuliza kwa nini. Alipoona nimemaliza akasema, "Hicho ni kifafa, mzee. Kwa wachanga kinakuja kimyakimya, hakitikisi mwili kama cha watu wazima. Moyo na mapafu tumepima wiki nzima, kichwa hatujapima." Akageuka kumwita nesi, kisha akanirudia. "Jumamosi ile nilikuuliza."

"Uliniuliza, daktari."

Akaondoka.

Binti alikuwa kwenye benchi na mama yake. Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote, na ya ofisa wa ustawi, na ya homa za Jumatatu. Mke wangu akanyanyuka akaenda kusimama mbali, kanipa mgongo.

Nilingoja binti anirukie. Hakunirukia. Akasema, "Alikuwa wa buluu?"

"Wa buluu."

"Kabisa? Au kidogo?"

"Kabisa, mama. Kama wino."

"Na alilegea?"

"Alilegea."

"Niambie tena."

Nikamwambia tena. Akataka mara ya tatu. Analia na kutingisha kichwa kama mtu anayesikia habari njema. Akasema, "Nilishaanza kufikiri ni mimi. Jana nilikaa hapa nikajiuliza, labda kweli ninamfanya kitu na sijui."

Bora angenipiga.

Jumatatu, 15 Aprili

Kipimo cha kichwa kimeonyesha. Ameanza dawa. Binti karudishwa kitandani kwa mwanawe. Ofisa wa ustawi alikuja kumwomba radhi. Mimi alinipita.

Jumatatu, 22 Aprili

Hajazima tena tangu dawa. Lakini mkono wa kulia haushiki. Ukimwekea kidole mkono wa kushoto anakibana, wa kulia anakiacha kidondoke.

Nilimuuliza daktari mwanamke kama ningesema siku ile ingekuwa tofauti. Akasema, "Tungeanza dawa mapema, na ile ya alfajiri ya Jumamosi pengine isingetokea." Nikamuuliza na daktari wa asubuhi. Kasema hapana, huenda mkono ulikuwa hivyo tangu tumboni, nisijitese. Mmoja amenipa hukumu, mwingine amenipa msamaha, na wote wamesoma faili moja. Mwezi uliopita ningechagua ninalolipenda.

Jumatano, 1 Mei

Wameruhusiwa. Baada ya chakula binti kaweka simu mezani, kafungua spika, kapiga kwa mumewe. Akaniambia, "Yale ya Machi ulimwambia mwenyewe. Na haya mwambie mwenyewe."

Nikamwambia. Nilisikia lori linapunguza mwendo, linasimama, injini inazimwa. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka mkono.

Kisha akasema, "Mzee, nimekusikia."

Tangu aje kuposa ameniita baba.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua.

Jumanne, 7 Mei

Fundi Soli kaanza utani wake wa mchumba. Nikamweleza alivyo mtoto. Ameshona viatu mpaka jioni bila neno.

Jumamosi, 11 Mei

Mkwe amekuja, amewachukua. Amepanga chumba huko lori lake linakolala. Alimsalimia mke wangu kwa kuinama, mimi alinipa mkono. Vitu vyao vilikuwa vichache, havikujaza hata nusu ya gari.

Mlangoni binti alinikabidhi mtoto nimuage. Nilimshika, na binti hakutoka. Alisimama palepale, mikono iko tayari, macho hayabanduki kwangu. Nikamrudishia haraka.

Mke wangu analala chumba walichokuwa wakilala wao. Anasema kitanda cha kule ni kizuri kwa mgongo.

Jumatatu, 20 Mei

Manyunyu tu. Nimepokea friji moja.

Jumapili, 2 Juni

Mvua zimekwisha. Wiki nzima hakuna hata wingu.

Leo binti kanipigia mimi, si mama yake. Nikaogopa. Kasema, "Hajambo, baba, usiogope. Jana alifanya kidogo, daktari wa huku kaongeza dawa. Wa huku wao hawalazi, wanaongeza dawa tu." Akaanza kunieleza ilivyokuwa, macho, ngumi, mdomo. Nikamwambia ndiyo, hivyohivyo. Kasema, "Nakueleza wewe kwa sababu mama hajui ilivyo. Baba yake pia hajaona. Ni mimi na wewe."

Simu zote mbili zikabaki wazi. Nilimsikia mtoto kwa mbali anaguna.

Kisha akaniuliza, "Siku ile, pumzi iliporudi, alilala tu?"

Humu niliandika kwamba alilegea, akalala. Nimerudi nimesoma, ndivyo nilivyoandika. Hata kwa daktari nilisema hivyo.

Nikamwambia, "Hapana. Alilia."

"Mbona sikusikia? Nilikuwa hapo nyuma tu."

"Nilimkumbatia kifuani, nikamziba na shati. Nikamwambia nyamaza mchumba, mama yako asisikie."

Nikadhani amekata.

"Akanyamaza?"

"Akanyamaza, mama."